Re: Mwanangu na dubu wake

Dada, umeuliza kwa nini mwanao hapo Ngamiani haachani na dubu wake wa kuchezea, wa mtumba, ilhali kwetu dubu hawapo. Kisa kilianzia Marekani. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt alikuwa mawindoni Mississippi, wenzake wakamfungia dubu mtini ampige risasi. Akakataa. Mchoraji wa gazeti akakichora kisa, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, New York, akashona dubu wa kitambaa, akamwita Teddy, jina la utani la rais. (Dubu mwenyewe aliuawa hatimaye, alishaumia mno. Usimsimulie mtoto!)

Naona siri ni umbo: kichwa kikubwa, masikio duara, kitambi, anakaa kitako kama kichanga. Fisi wa hadithi za bibi anachekesha, lakini nani alale naye? Ila kagua macho ya dubu huyo. Vifungo vikilegea mtoto humeza.