Vidonda vyangu vya tumbo havikuwa mawazo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwaka wa nne huu nina vidonda vya tumbo, kila mtu ananiambia nipunguze mawazo." Nikaweka simu chini, maana maneno hayo nayajua.

Mimi niliambiwa hivyo miaka sita. Nilikuwa nimeachika, nina duka la vitenge na mtoto anasoma, kwa hiyo kila nikishika chembe ya moyo jibu lilikuwa tayari: mawazo hayo. Shangazi akaleta juisi ya kabichi, mwingine shubiri. Daktari mmoja aliniandikia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, bila kipimo chochote. Nikaacha pilipili, nikaacha maharage. Saa nane usiku tumbo linawaka, nimekaa ukingoni mwa kitanda natafuna magnesiamu gizani, polepole, mtoto asiamke. Kuliko tumbo lenyewe, kiliniuma kuonekana mwanamke aliyeshindwa kubeba maisha yake.

Kipimo cha choo ndicho kilichonitoa. Kijidudu, jina lake Helicobacter pylori. Kimejisokota kama skurubu, kina vimkia vya kuogelea, na kinageuza yurea, kemikali iliyomo mwilini mwetu, kuwa amonia ili asidi ipoe pale kilipo. Ndivyo kinavyoishi tumboni. Wengi wetu tunakipata utotoni, na wengi hakiwasumbui kabisa. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipokihusisha na vidonda vya tumbo miaka ya 1980, wataalamu wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akakinywa mwenyewe, na tumbo lake likavimba kwa ndani. Tuzo ya Nobel waliipata 2005. Mimi niliambiwa "mawazo" baada ya hapo, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Sasa nikiri langu. Dozi ilikuwa siku 14: antibayotiki mbili, amoksisilini na klarithromaisini, pamoja na omeprazoli. Siku ya sita tumbo likatulia, mdomo mchungu kama nimenyonya sarafu, nikaacha. Zilizobaki nikampa jirani aliyekuwa analalamika tumbo, nikijiona nimemsaidia. Miezi mitatu haikuisha maumivu yakarudi, na safari hii daktari alibadilisha dawa, maana vijidudu vinavyoachwa hai katikati ya dozi vinaweza kuwa sugu. Ya pili niliimaliza yote, nikapima tena, hakuna kitu. Jana nimekula maharage na pilipili mbuzi, nikalala mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo mdogo wangu, pima. Mwambie daktari kama unatumia omeprazoli, maana kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo cha choo, na antibayotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya. Mwambie pia kama unameza dawa za maumivu kama diklofenaki kwa ajili ya mgongo, nazo huchubua tumbo. Ukiona choo cheusi kama lami, hospitali usiku huohuo. Ukipewa dozi, maliza. Sisi wenye biashara tunahesabu mtaji kila jioni, lakini dawa ya siku 14 inatushinda. Maliza dozi, hata ukijisikia mzima. Halafu upime tena, angalau wiki nne baada ya kumaliza, na si kwa kipimo cha damu, kwani hicho kinaweza kuonyesha kijidudu hata ukiwa umepona.

Jirani yangu nimeshamwomba radhi. Jumatatu nampeleka mwenyewe akapime.