Jibu: Baridi ya usiku Dodoma, nyumba haina dari

Ndugu, umeuliza kama uingize jiko la mkaa chumbani usiku kwa ajili ya mtoto. Tafadhali usithubutu. Mkaa hata ukikolea na kuacha kutoa moshi, bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti usiku huwa hauna mawingu, na bati tupu linapoteza joto lote la mchana. Kwa hiyo dari ndiyo dawa yenyewe, anza na chumba cha mtoto tu kama pesa ni ndogo.

Wakati unajipanga, ziba upepo. Jioni ukivuma, pitisha kiganja pale bati linapokutana na ukuta: kwenye kila wimbi la bati utausikia unapenya. Jaza udongo au sementi, hasa upande wa mashariki. Chini ya mlango viringisha blanketi kuukuu. Dirisha moja liachie upenyo mdogo, hewa ni lazima. Mtoto mvalishe soksi na nguo mbilimbili, blanketi zito lisimfike usoni.