Anko wa Muvi anajibu: Star Trek mpya imeifuta ya zamani?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi na binamu yangu tunakaa geto moja na sa hivi tumenuniana kisa Star Trek, zile tamthilia na muvi za Kimarekani za meli za angani. Yeye kaangalia zile za zamani zote, mimi nilianzia ile muvi ya 2009 ya J.J. Abrams. Anasema hiyo yangu imeharibu kila kitu, baba ake Kirk (yule shujaa mkuu) kafa siku ileile Kirk anazaliwa wakati kwenye ya zamani aliishi mpaka akamwona mwanae anakuwa kapteni, sayari ya Vulcan, kwao na Spock msaidizi wa Kirk, imemezwa yote, kwahiyo eti yale ya zamani ndo hayakutokea tena. Mimi namwambia ni dunia mbili tofauti hataki. Nani yuko sahihi? – Wa Tegeta

JIBU: Marahaba. We ndo uko sahihi, ila usiende kumcheka maana binamu yako ana hoja yake na ntaifikia.

Ilivyo ni hivi. Mwaka 2387 nyota inalipuka inaiteketeza sayari ya Romulus, mzee Spock (Leonard Nimoy mwenyewe, yule wa 1966) alikuwa njiani kuizuia akachelewa, yeye na yule Mromulus mwenye hasira, Nero, wakavutwa na shimo jeusi likawarudisha miaka ya nyuma. Nero akatokea 2233 akaishambulia meli ya Kelvin, na hapo ndo njia panda ilipo. Kila kitu kabla ya 2233 ni kilekile kwa pande zote mbili, baada ya hapo kila mtu na njia yake. Ndani ya muvi Uhura, dada wa mawasiliano wa meli ya Enterprise, anasema wazi kabisa kwamba huu ni uhalisia mwingine na Spock kijana, yule wa upande huu mpya, anamkubalia. Kama binamu bado anabisha mwonyeshe tamthilia ya Picard ya 2020: wale ni watu wa upande wa zamani na bado wanahangaika na wakimbizi wa Romulus iliyoteketea. Sasa kama ya zamani ilifutwa hao wametoka wapi?

Hoja yake yeye ni kwamba huko nyuma safari za wakati hazikuwa hivo. Epsodi ya 1967, daktari McCoy anaenda Marekani ya miaka ya 1930 anamwokoa dada mmoja asigongwe na gari, na papo hapo meli ya Enterprise haipo tena angani, wenzie wamebaki wanaduwaa. Hakuna cha dunia ya pili, ukigusa ya jana leo inabadilika. Na hapohapo kuna swali ambalo mimi mwenyewe linanikera: Spock huyuhuyu mwaka 1986 kwenye muvi alizungusha meli kwenye jua akarudi San Francisco kuchukua nyangumi wawili! Nyangumi! Afu Vulcan inamezwa na watu bilioni sita, mama ake kijana Spock akiwemo, na mzee hata hajaribu kurudi nyuma aiokoe. Jibu la kweli ni kwamba angejaribu kusingekuwa na muvi, basi.

Ila mwambie asijifanye kwamba ya zamani ilikuwa imenyooka. Kwenye epsodi ya 1966 rafiki yake Kirk anamwandalia kaburi kabla hajafa na jiwe limeandikwa James R. Kirk, leo kila mtoto anajua ni James T. Wale Waklingon, maadui wa Kirk, wa miaka ya sitini walikuwa na paji la uso laini kama langu na lako, ilipofika muvi ya 1979 wana matuta. Hakuna aliyeeleza mpaka 1996 Worf, Mklingon wa tamthilia za baadaye, anaulizwa na wenzie anajibu kwamba hayo hawayazungumzi na watu wa nje, nilicheka mpaka basi. 2005 ndo wakaleta stori ya virusi vilivyofuta matuta, na mimi naona wangemwacha Worf na jibu lake.

SWALI: Anko, kama yote yanasamehewa kwasababu ya Nero, mbona watu bado wanalalamika kuhusu Khan? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwasababu pale Nero hahusiki. Hesabu mwenyewe: Khan Noonien Singh, adui wa Kirk, alitoroka duniani 1996 akalala usingizi wa barafu kwenye meli yake. Njia panda ni 2233. Kwahiyo yule aliyelala ni mtu mmoja, sura moja. 1967 na 1982 alikuwa Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Mexico, anamchezea mtu mwenye jina la Kihindi, ambapo napo pana maneno yake. 2013 anaamshwa ni Benedict Cumberbatch, Mwingereza mweupe pee. Umri wa Chekov, yule kijana wa Enterprise, umebadilika, sawa, kazaliwa baada ya 2233. Enterprise inaundwa Iowa chini kwenye vumbi, sawa pia. Khan hapana, hapo walipuyanga na mimi siwatetei.

SWALI: Shikamoo Anko. Eti Nyota ni jina jipya la Uhura walilompa 2009? Na ni Kiswahili kweli au tunajipendekeza? – Dada wa Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hatujipendekezi, Uhura limetoka kwenye uhuru, na Nichelle Nichols, aliyemcheza Uhura wa zamani, alishaongea Kiswahili kwenye epsodi ya 1967, mashine imemfuta kumbukumbu zote anafundishwa kusoma upya, akikwama anarudia Kiswahili. Nyota lilikuwepo vitabuni muda mrefu ila kwenye skrini ni 2009 ndo limetamkwa mara ya kwanza. Na walivyolitoa ni utamu mtupu, Kirk muvi nzima anamsumbua dada wa watu amwambie jina lake la kwanza, anabaniwa. Afu wako pale kwenye kile kijukwaa cha kurushwa waende kwa Nero, Uhura anamkumbatia Spock, Spock anamwita Nyota, na Kirk kasimama pembeni. Dada akishaondoka anamuuliza Spock, kumbe anaitwa Nyota? Spock hana la kusema, uso mkavuuu.