Hilux ya turbo dizeli, gia za mkono: nifunge rimoti ipi ya kuwashia?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya mwaka 2010, injini 3.0 D-4D yenye turbo, gia za mkono. Nabeba chumvi ya Uvinza na mawese, naleta Kigoma mjini na kupandisha Kasulu mpaka Manyovu. Nataka kufunga mfumo wa kuwasha gari kwa rimoti, kwa sababu Manyovu asubuhi kuna baridi na huku mjini mchana kabini inakuwa tanuri. Kuna muuzaji anasema boksi lake linafungwa kwenye gari lolote, kazi ya saa moja tu. Jirani yangu naye anasema rimoti itaniulia turbo. Nichague boksi la aina gani? Gari nalilaza nje ya nyumba, kwenye mtelemko.

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo iliyonishtua. Gari ni la gia za mkono na linalala kwenye mtelemko. Mambo ya turbo na baridi tutayafikia, lakini hilo ndilo litakaloamua kama ufunge au usifunge.

Mjini kwetu hapa kila mtu analaza gari mtelemkoni kwa njia ileile: hendibreki juu, gia ya kwanza au rivasi ndani, jiwe nyuma ya tairi. Siku hendibreki imelegea, gia ndiyo inayoshika. Rimoti inataka kinyume kabisa, gari liachwe nyutro. Likiachwa kwenye gia, stata ikizunguka itasukuma gari zima. Kwa dizeli hatari ni kubwa zaidi. Injini yako inabana hewa karibu mara 18, kwa hiyo imepewa stata yenye nguvu nyingi kuliko ya gari la petroli, na gia ya kwanza ya pikapu imetengenezwa kwa kuvuta mzigo. Injini ikishashika, hata bila mtu kukanyaga mafuta, inaendelea kuvuta. Haizimiki kirahisi kama ya gari dogo.

Niliwahi kuletewa pikapu ya aina hiyo, boksi lilifungwa kwingine. Mwenyewe alikuwa sebuleni, akabonyeza rimoti ili gari lipoe kabla hajatoka. Usiku dereva wake alikuwa ameliacha kwenye gia ya kwanza kama alivyozoea. Likapita na geti la bati, likasimama kwenye ukuta wa jirani, hatua mbili kutoka mahali ambapo mama mmoja hukaanga mihogo kila asubuhi. Siku ile alikuwa amechelewa kuwasha jiko. Nilipolala chini ya usukani na tochi, nilikuta waya mbili za swichi ya klachi zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa "kazi ya saa moja".

Swichi ya klachi ni ile inayozuia stata isizunguke mpaka ukanyage klachi. Jaribu yako leo: hakikisha uko nyutro, usikanyage klachi, washa. Likikataa, swichi unayo, na fundi yeyote atakayefunga rimoti itabidi aipite, kwa sababu rimoti haina mguu wa kukanyagia klachi. Likiwaka, basi hata sasa huna kinga hiyo. Kwa vyovyote vile boksi lenyewe lazima lilete kinga nyingine badala yake, na swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: boksi hili linajuaje kwamba nimeacha gari nyutro?

Maboksi mazuri ya gari la gia za mkono yanajua kwa utaratibu wa kuliandaa gari kabla ya kushuka. Unafika, injini ikiwa inanguruma unavuta hendibreki, unaweka nyutro, unabonyeza rimoti, unachomoa ufunguo na injini inaendelea. Unashuka, unafunga milango, ndipo boksi linazima injini lenyewe. Mantiki yake ni safi: injini ilikuwa inanguruma bila mguu kwenye klachi, kwa hiyo gari lilikuwa nyutro, na tangu hapo hakuna mlango uliofunguliwa. Mlango wowote ukifunguliwa, boksi linafuta maandalizi na rimoti inakataa kuwasha mpaka uandae upya. Boksi lisilokuwa na utaratibu huu limetengenezwa kwa otomatiki. Usilinunue hata ukipewa nusu bei.

Utaratibu huo unategemea swichi ndogo za milangoni, na wewe unabeba chumvi. Magari ya Uvinza yakifunguliwa kwangu, swichi za milango huwa zimeota kutu ya kijani, nyingine zimeganda ndani hazirudi. Swichi iliyoganda inaliambia boksi mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Fungua kila mlango mmoja mmoja uangalie kama taa ya kabini inawaka. Ambao hauwashi taa, badilisha swichi kabla ya kufikiria rimoti. Na vioo vifungwe muda wote gari likiwa limeandaliwa, maana mtoto akiingiza mkono dirishani akasukuma gia, hakuna swichi itakayomwona.

Sasa turudi kwenye mtelemko wako. Gari likiwa nyutro, kinachobaki kulishika ni hendibreki na jiwe. Hendibreki ya Hilux inavuta viatu vya breki za nyuma, na kwa gari linalobeba magunia hivyo viatu huisha na kebo hutanuka bila wewe kujua. Pakia mzigo wako wa kawaida, simama mtelemkoni kwako, vuta hendibreki, weka nyutro, achia breki ya mguu taratibu. Likisogea hata kidogo, jibu langu ni usifunge. Likishika, bado nakuomba utafute mahali pa tambarare pa kulilaza, hata kwa jirani, ndipo uifurahie rimoti yako. Siwezi kukuambia vinginevyo nikalala usingizi.

Tuseme hendibreki imeshika na pa kulaza umepata. Jambo la pili ni hita plagi. Ukiweka ufunguo kwenye ON, taa ya koili inawaka kwenye dashibodi, unasubiri izime, ndipo unapiga stata. Hizo sekunde chache plagi nne zinapasha vyumba vya injini. Boksi la petroli halijui kusubiri: linaweka ON na kupiga stata papo hapo. Hapa mjini kwenye joto litawaka tu, nawe utaridhika. Manyovu asubuhi ya Juni litapiga stata ndefu, moshi mweupe utatoka, na betri itachoka. Tafuta boksi lenye mpangilio wa dizeli, ama linalosoma waya wa taa ya koili au linalosubiri kwa muda unaouweka mwenyewe. Mimi hupendelea la muda, kwa sababu waya wa taa si rahisi kuupata kwenye kila gari. Kwa huku kwetu sekunde 10 hadi 15 zinatosha kabisa.

Lakini pima hita plagi kwanza. Toa bamba linaloziunganisha, weka mita kwenye ohmu, gusa kichwa cha plagi na bodi ya injini. Iliyo nzima inasoma karibu na ohmu 1 au chini yake. Iliyokufa mita haisogei. Ukiwa ndani ya gari unasikia injini inavyohangaika na unaacha. Rimoti haina sikio, itarudia kupiga stata mpaka idadi iliyopangiwa iishe.

Hapo linaingia swali la tatu: boksi linajuaje injini imeshika? Maboksi rahisi yanaangalia umeme wa betri. Injini ikiwaka oltaneta inachaji, volti zinapanda kutoka 12 na kitu hadi 14, boksi linaachia stata. Kwenye dizeli njia hii inadanganya. Hita plagi huendelea kupasha hata baada ya injini kuwaka, zinakula umeme mwingi, volti zinachelewa kupanda. Boksi linadhani injini haijawaka, linapiga stata tena juu ya injini inayozunguka. Ule mlio wa meno ya stata yakisagana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na stata, ukiusikia mara moja hutausahau. Dai boksi linalosoma mzunguko wenyewe wa injini kwa waya. Na fundi asikuambie atauchukua waya huo kwenye koili ya plagi kama kwenye petroli, dizeli haina koili hiyo. Atauchukua kwenye waya wa mita ya mzunguko au kwenye oltaneta, kisha alifundishe boksi sailensi ya injini yako, yaani mzunguko wake ikiwa haijakanyagiwa mafuta.

Betri sitaiongelea sana. Ikiwa imelala usiku kucha isome 12.4 au zaidi, na wakati stata inapiga isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka zaidi, badilisha kwanza.

Kuhusu "linafungwa kwenye gari lolote": ukiangalia maboksi yenye majina, kama Viper na Compustar, mengi yametengenezwa kwa soko la Marekani na Kanada, na huja na waya za kuchomeka moja kwa moja kwa magari yanayouzwa kule. Hilux haiuzwi Marekani siku hizi, wao wana Tacoma, ya petroli. Usukani wao pia uko kushoto. Kwa hiyo soketi ya Tacoma isikudanganye kwa sababu imeandikwa Toyota. Kwako kazi itakuwa ya waya kwa waya, kwa mita, na kwa fundi makini ni kazi ya siku nzima. Mwenye Land Cruiser ya zamani iliyotoka Japani aangalie jambo moja zaidi: baadhi zina mfumo wa volti 24, na maboksi haya ni ya volti 12.

Angalia pia kama ufunguo wako una chipu. Zungushia kichwa cha ufunguo foili ya jikoni mara kadhaa, jaribu kuwasha. Stata ikizunguka lakini injini isishike, chipu ipo, na boksi litahitaji kifaa cha kuisomesha gari chipu hiyo. Njia ya kawaida ni kuficha chipu ya pili ndani ya dashibodi, na kifaa kinaiamsha pale tu rimoti inapowasha. Magari mengi ya mtumba huja na ufunguo mmoja, kwa hiyo weka bajeti ya kutengenezewa chipu nyingine. Ifichwe chipu peke yake, isiwe ufunguo kamili uliochongwa, mwizi asije akaukuta.

Jirani yako na turbo: nia yake njema, ila amekosea mahali. Rimoti haiui turbo. Turbo inaelea juu ya oili, na kuiacha injini sailensi dakika moja au mbili kabla ya kuondoka kunaipa oili muda wa kufika. Kinachoiua ni kuzima injini ghafla ukitoka kupanda mlima na mzigo, turbo bado ni nyekundu kwa moto, oili inaungua ndani ya beringi na kugeuka masizi magumu. Maboksi mengi mazuri yana kipengele cha kuiacha injini iendelee dakika chache baada ya kuchomoa ufunguo. Kwa safari yako ya Manyovu kitakufaa kuliko hata kuwasha kwa mbali. Ila usiache injini ikilala sailensi nusu saa kila siku kwa ajili ya kiyoyozi, hiyo inajaza masizi kwenye EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na inakula karibu lita moja ya dizeli kwa saa. Panga ijizime baada ya dakika 10. Na kamwe usiwashe kwa rimoti gari likiwa ndani ya banda lililofungwa, moshi wake unaua watu kimya.

Siku ya kufunga, kaa hapo hapo. Waya ziunganishwe kwa risasi, si kusokota na tepu. Waya mkubwa wa betri uwe na fyuzi karibu na betri. Swichi ya boneti ifungwe, ili fundi akiwa ameinama kwenye feni rimoti isiwashe. Waya za njano za eabegi zisiguswe kabisa. Kabla hujalipa, mwambie aandae gari, kisha ufungue mlango wa abiria, uufunge, ubonyeze rimoti. Gari linatakiwa likatae. Rudia kwa kila mlango, kisha boneti. Likiwaka hata mara moja, halijamalizika.