Unamkumbuka Kobe?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umehamia chumba kipya, intaneti yako bado haijaunganishwa, na simu inanasa waifai ya jirani usiyemjua, haina nenosiri na inashika vizuri. Unaniuliza kama ukiitumia hizi wiki mbili kuna mtu anaweza kukuchungulia. Nitakujibu. Lakini nimeusoma ujumbe mara tatu nikitafuta mahali ulipomtaja mwenye waifai, sikupaona.

Nianze na lako. Waifai isiyo na nenosiri kwa kawaida haifichi kinachopita hewani kati ya simu na ruta, kile kifaa kinachorusha waifai. Aliye karibu, akiwa na programu ya kunasia, anakiokota. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa nyongeza ya kivinjari cha Firefox iitwayo Firesheep ili watu waone hali ilivyo mbaya: ukikaa kwenye waifai ya wazi, unabofya jina la mtu aliye kwenye mtandao huohuo na unaingia Facebook yake bila kulijua nenosiri lake. Mwaka uleule Google walikiri kwamba magari yao yanayopiga picha za barabarani yalikuwa yakizoa vipande vya data kutoka waifai za wazi njiani. Siku hizo tovuti nyingi zililinda ukurasa wa kuingilia tu, yaliyofuata yalipita uchi. Leo tovuti nyingi zinatumia HTTPS, njia inayoficha mawasiliano kati ya simu na tovuti, toka mwanzo hadi mwisho, hivyo mchunguliaji mara nyingi ataambulia jina la tovuti tu, si ulichoandika.

Kilichobaki cha kuogopa ni ruta yenyewe. Hujui nani ameishika. Aliyeishika anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa bandia, na yeyote anaweza kuipa ruta yake jina analotaka. Simu nayo ikishalizoea jina, kesho itajiunga yenyewe popote itakapolikuta. Kwa hiyo mambo ya benki usiyaguse humo, onyo kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki likitokea usibonyeze kuendelea, na ukiondoka iambie simu iusahau mtandao huo.

Yako yameishia hapo.

Sasa nikuulize: unamkumbuka Kobe? Ile kompyuta kuukuu uliyoipa jina mwenyewe kwa kuwa ilichukua muda kuwaka, ukanisumbua mpaka nikaliandika jina hilo kwenye mipangilio yake. Ulisomea hapo. Dada yako aliombea kazi hapo. Na intaneti yake, hili sikuwahi kukwambia, ilikuwa ya bibi wa ghorofani.

Sikuvunja kitu. Siku moja tu mtandao ulitokea kwenye skrini, nikabofya, ukafunguka. Nilijiambia ni kama kusoma kwa mwanga wa taa ya jirani: taa haipungui. Nilijiambia hivyo miezi mingi. Wala si uongo mtupu, maana kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo mgeni mmoja anayesoma barua pepe hapunguzi chochote cha maana. Lakini bibi alikuwa ananunua bando. Alilinunua kwa ajili ya jambo moja, kumwona mjukuu wake kwenye video kila Jumapili. Na bando likawa linaisha kabla ya mwezi.

Akaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kompyuta kwenye jengo lile. Nikapanda naye. Nikafungua ukurasa wa ruta, nenosiri la msimamizi lilikuwa lilelile la kiwandani, nikaingia kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa viwili. Cha kwanza simu yake. Cha pili, kwa herufi kubwa, KOBE.

Bibi alisogeza miwani, akaweka kidole kwenye kioo, kucha yake chini kabisa ya jina. "Na huyu Kobe ni nani, mwanangu?"

Nikamjibu, "Sijui, bibi. Labda mpita njia."

Unajua nitakachosema, maana nimekulea nacho: mlango wazi haujasema karibu. Nilikuwa nawaambia ninyi maneno hayo kuhusu sahani za watu na vitabu vya watu, na huku mimi niko ndani ya nyumba ya mtu sijapiga hodi.

Najibishana na nafsi yangu hata sasa. Ruta si mlango. Inatangaza jina lake yenyewe, kompyuta inaomba, ruta inatoa anwani; mashine imesema karibu. Ndiyo, lakini mashine ilifundishwa kusema hivyo kiwandani, bibi hakuulizwa. Halafu wapo wanaoacha wazi kwa kupenda. Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, aliandika mwaka 2008 kwamba waifai ya nyumbani kwake ameiacha wazi makusudi, kwake huo ni ukarimu kwa wageni. Namheshimu kwa hilo. Ila kutoka nje huwezi kumjua aliyeacha wazi kwa ukarimu na aliyeacha wazi kwa kutojua. Bibi hakujua hata kama kuna kufunga.

Na mzigo humwangukia mwenye ruta. Ujerumani, mwaka 2010, mahakama kuu ya shirikisho ilimwona mtu ana wajibu kwa wimbo uliosambazwa kupitia waifai yake asiyoilinda ipasavyo, ingawa wakati huo alikuwa likizoni. Ilibidi sheria yao ibadilishwe mwaka 2017 ili kuwapunguzia wenye waifai mzigo huo. Huko Uingereza mwaka 2005 aliyeadhibiwa ni mtumiaji: faini ya pauni 500 kwa kuingia kwenye mtandao wa mtu bila ruhusa. Kwa hiyo hata mahakama zimemtazama mara huyu, mara yule.

Utataka nikwambie kama ni wizi. Neno hilo nimeliandika hapa mara mbili, nikalifuta mara mbili. Nikiliandika kwako, nimeliandika na kwangu, na nawe ulikuwa mtoto ukisoma kwa bando la bibi bila kujua. Siliandiki. Lakini panda hizo ngazi, mwanangu, ugonge milango mpaka umpate mwenyewe. Pengine atakuwa na furaha ya kukupa. Pengine hajui kuwa iko wazi, nawe utamsaidia kuifunga.

Mimi siku ile niliifunga ya bibi. Nikabadilisha nenosiri la msimamizi, nikaweka WPA2, ulinzi wa waifai unaodai nenosiri, nikamwambia achague neno refu. Akachagua jina la mjukuu na siku aliyozaliwa, nikamshauri aongeze kitu kisichoweza kukisiwa, akaongeza jina la mbuzi aliyemfuga utotoni. Akalitamka polepole, nikaandika. Kisha akanishika mkono, akasema, "Na wewe siku ukikwama, ingia tu. Si umeshalijua?" Kwenye ngazi akawa anamwambia kila mtu jinsi nilivyomfukuzia mwizi.

Miezi minane baadaye alihamia kwa bintiye. Miezi minane nilipita mlangoni pake kila siku. Nenosiri lile nalikumbuka mpaka leo, mbuzi na kila kitu, na sikuwahi kuliingiza kwenye Kobe.

Mama