Re: Uma za bibi zina EPNS, A1 na kibendera, ni fedha kweli?

Mkuu, hiyo EPNS sio jina la kampuni, maana yake uma umepakwa fedha kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kwa hiyo huko ndani hamna fedha hata chembe, na A1 ni gredi ya upakaji tu. Mtengenezaji mtafute kwenye hako kabendera, kakiwa na W&H basi ni Walker & Hall wa Sheffield, Uingereza, walikuwa mafundi wazuri tu hao. Ingekuwa fedha halisi ya Kiingereza kwa kawaida ungeona muhuri wa simba anayetembea, anaonekana kwa ubavu. Angalia kwa lenzi na tochi umulike kwa pembeni, ila usisugue sana bana, mpako ni mwembamba na utaifuta hiyo mihuri yenyewe