Maswali ya Wasomaji: Mashine za Santuri Zisizo na Mkanda

Shikamooni wataalamu. Hapa Mikindani nina Technics SL-1200MK2 aliyoniachia baba mdogo. Nikisogeza kitelezi cha kasi, muziki unayumba. Halafu spika ya kushoto inakatakata. Fundi anasema mota imekufa, nitafute nyingine. Ni kweli?

Marahaba. Usinunue mota. Katika mashine hii sumaku imefungwa chini ya sahani na koili zimekaa kwenye bodi. Kinachosuguana ni mhimili na bushi yake tu. Toleo hili lilitoka 1979 na mota zake nyingi bado zinadunda. Pwani kinachougua kwanza ni viunganishi, kwa sababu ya unyevu na chumvi.

Rudisha kitelezi katikati mpaka taa ya kijani iwake. Hapo kasi inashikwa na kwatzi, yaani fuwele inayopiga mapigo yasiyobadilika. Angalia vitone vikubwa ukingoni mwa sahani: vikitulia kwenye kijani na kuyumba ukitoka hapo, mgonjwa ni kitelezi. Vikiyumba hata kwenye kijani, fundi akague upande wa umeme, hasa lehemu zilizopasuka na kapasita zilizokauka.

Kusafisha kitelezi ni kazi ya jioni moja. Chomoa waya ukutani. Toa mkeka wa mpira, ingiza vidole kwenye matundu mawili ya sahani, inyanyue wima. Iweke mbali na misumari na vumbi la chuma, maana sumaku itayavuta yote. Toa kichwa cha sindano na uzito wa nyuma, funga mkono unaobeba sindano kwenye kishikizo chake, ndipo ugeuze mashine. Miguu inafunguka kwa mkono. Skrubu za kitako ni nyingi na hazilingani urefu, kwa hiyo zichomeke kwenye kadibodi kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Puliza kidogo dawa ya kusafishia vitelezi, ile inayoacha mafuta, kisha sogeza kitelezi huku na huku mara 30 hivi. Mafundi wengi huimwaga dawa mpaka inachuruzika. Inaosha grisi, na kitelezi kinabaki kulegea.

Spika ya kushoto sasa. Zima amplifaya, badilisha nafasi za pini mbili za waya wa mashine zilizochomekwa nyuma yake, washa tena. Ukimya ukibaki kushoto, tatizo ni amplifaya au spika, mashine iache. Ukihamia kulia, fungua kichwa cha sindano na usugue pini zake nne kwa kifutio cha penseli, kisha uzipanguse kwa spiriti safi kwenye kijiti cha pamba. Kagua nyaya ndogo za katriji, yaani kile kidude kinachobeba sindano: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Iliyolegea ibane kwa kibano. Usilehemu kamwe kwenye pini za katriji, joto linaua koili za ndani. Kama bado, chezesha waya pale unapotokea nyuma ya mashine. Hukatika hapo ndani kwa ndani, na dawa yake ni kuweka mwingine.

Nimeagiza mashine kutoka Japani, imeandikwa 100V. Huku Nachingwea nitaichomeka vipi? Tena nasikia vitone vyake havitulii kwa umeme wetu.

Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230, transfoma yake itaungua. Tafuta transfoma ya kushushia hadi volti 100 hasa. Zile za 110 au 120 zinazouzwa kwa vifaa vya Marekani zitaifanya ichemke na kuchosha kapasita. Soma wati nyuma ya mashine. Mara nyingi hazifiki 20, hivyo transfoma ya wati 50 za kweli inatosha.

Kama vitone vinamulikwa na taa ya neoni inayofuata umeme wa ukutani, ulivyosikia vina msingi. Umeme wetu ni wa hetzi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hizo taa huwaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, na sahani ikizunguka mara 33⅓ kwa dakika, duara la vitone 180 ndilo litakalotulia. Duara la hetzi 60 lina vitone 216, nalo chini ya taa yetu litaonekana kukimbia hata kasi ikiwa sawasawa. Japani wanatumia 50 na 60, kwa hiyo mashine nyingi za huko zina maduara yote mawili. Tazama la 50. Mota yenyewe haijali, kwani inapata umeme uliokwisha kunyooshwa kuwa wa mkondo mmoja (DC). Ukiwa kwenye inveta ya sola, usiiamini taa hiyo. Hetzi za inveta rahisi huweza kupotoka.

Umeme ukikatika, chomoa. Usisubiri urudi ndipo ukimbilie swichi.

Masasi: mafuta ya cherehani yanafaa kwenye mhimili?

Yanafaa, yakiwa mepesi na safi. Kwa SL-1200MK2 ni matone 2 au 3 kila baada ya saa 2,000, yaani karibu miaka mitatu kwa anayesikiliza saa mbili kila siku. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, na mafuta ya nazi, hapana.

Lindi mjini: nimeunganisha mashine kwenye sabufa, sauti ni ndogo na besi hakuna. Sindano imeisha?

Sindano haihusiki. Katriji ya kawaida ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5, ilhali tundu la AUX linataka mamia. Isitoshe, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, na kifaa cha fono, yaani kikuza sauti kidogo cha santuri, ndicho kinachoirudisha. Kinunue, kiweke kati ya mashine na sabufa, na waya wa ethi wa mashine ufunge kwenye skrubu yake, la sivyo utasikia mvumo. Mashine isikae juu ya sabufa wala meza moja nayo: besi itatikisa sindano, sindano itairudisha kwenye spika, na ukiongeza sauti itaanza kunguruma yenyewe. Rafu iliyopigiliwa ukutani inafaa zaidi.